Mboga za kila siku kwenye mbabula moja: wapi uokoe makaa, na wapi usijaribu

Ukitoka sokoni Buyenzi, Kinama au Cotebu na kilo ya maharage kwenye mfuko, bado hujamaliza kulipa. Kuna makaa, au makala kama tunavyosema mitaani hapa Bujumbura. Maharage makavu yaliyotiwa sufuriani bila kulowekwa yanaweza kukaa motoni saa tatu, na kama yalihifadhiwa muda mrefu mahali pa joto na unyevu, hata zaidi. Kwa familia inayonunua makaa kidogo kidogo, moto wa saa tatu ni fedha ya mboga ya kesho.

Wengi waliovuka Rusizi kutoka Uvira, Bukavu na vijiji vya uwandani walikuwa wakipika kwa kuni walizookota wenyewe. Mjini hakuna pa kuokota. Wenyeji wa mitaa hiyo hiyo wana shida ile ile, na ndiyo maana makala hii inawahusu wote wanaopikia mbabula moja. Tutapika mboga tatu: maharage, ndagala na sombe. Utaona kwamba sehemu nyingi za mapishi unaweza kupunguza moto bila hasara yoyote. Sehemu mbili, usipunguze hata kidogo, kwa sababu mwenye kulipa ni mwili wa mtoto.

Maharage

Kwa watu watano au sita, chukua nusu kilo. Chagua mawe na yaliyooza, osha, kisha loweka jioni kwenye maji mengi, mara tatu ya maharage yenyewe, maana yatavimba. Asubuhi mwaga maji hayo. Najua wapo wanaoyapikia, wakisema ladha imo humo. Yamwage. Hayo maji yamebeba sehemu ya vitu vinavyojaza tumbo gesi, na pia sehemu ya sumu ya asili iliyomo ndani ya maharage, hasa mekundu.

Ndiyo, maharage yana sumu yakiwa mabichi. Mtu akila yaliyopikwa nusu anaweza kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na nyumbani watasema ni maji machafu au ni malaria. Joto la kuchemka ndilo linaloiharibu. Kwa hiyo tia maji mapya, weka kwenye moto mkali, na yakishaanza kutokota sawasawa hesabu dakika kumi kamili kabla ya kupunguza chochote. Hapa ni mahali pa kwanza pa kutookoa makaa. Moto mdogo ambao haufikishi maji kuchemka haisaidii sumu kuondoka. Kuna vipimo vilivyoonyesha kwamba inaweza hata kuongezeka.

Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: funika sufuria, punguza makaa, na acha saa moja hadi moja na nusu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha kwa kawaida hulainika ndani ya muda huo. Kifuniko kinachokaa vizuri kinaokoa makaa mengi kuliko watu wanavyodhani. Kama kimepinda, weka sahani juu na jiwe safi.

Ya pili ni kikapu. Tafuta kikapu kikubwa au boksi la katoni, jaza pande zote na chini kwa majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu, unene wa kiganja kizima. Chemsha maharage kwa nguvu nusu saa, yakiwa na maji ya kutosha, kisha toa sufuria motoni ikiwa imefunikwa na iingize kikapuni mara moja. Juu weka mto au blanketi lililokunjwa. Usifunue kuchungulia; kila ukichungulia joto linatoka. Baada ya saa tatu au nne yatakuwa yamelainika au yamebakiza kidogo tu. Yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kuunga. Kikapu kinafaa sufuria iliyojaa. Sufuria yenye maharage kidogo hupoa upesi, na chakula kilichokaa uvuguvugu nusu siku si chakula cha kumpa mtu.

Nyanya zisiingie mapema. Uchachu wake unafanya ganda la maharage ligome kulainika, na hapo utaunguza makaa bure. Ngoja mpaka uminye harage kati ya vidole livunjike, ndipo uunge: kitunguu kimoja kwenye vijiko viwili vya mawese, nyanya mbili, chumvi, kisha maharage na supu yake kidogo. Wengine hutia magadi ili yaive haraka. Yanaiva kweli, ila magadi yanaharibu baadhi ya vitamini. Kulowesha hakuna gharama hiyo.

Dakika tano za mwisho, kata fungu la lengalenga lililooshwa vizuri, ulitumbukize humo humo. Umepata mboga mbili kwa moto mmoja. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage huingia mwilini vizuri zaidi yakiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C, na ndiyo kazi ya nyanya, ya lengalenga isiyopikwa mpaka ikawa nyeusi, au ya ndimu uliyokamulia kwenye sahani.

Neno moja juu ya mawese, yale yanayotoka Rumonge na ng'ambo ya ziwa. Rangi yake nyekundu ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na magonjwa. Wako wanaoyachoma mpaka yawe meupe ili harufu itoke. Yakiwa meupe, vitamini imekwenda na moshi. Yapashe tu mpaka kitunguu kitoe sauti.

Ndagala

Mukeke ni mtamu, hakuna anayebisha, lakini bei yake si ya kila siku. Ndagala wadogo wanaliwa mzima, mifupa ikiwamo, kwa hiyo wanampa mtoto madini ya mifupa na meno ambayo minofu ya samaki mkubwa haina kwa wingi huo. Huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi uvuvi hupungua kwa sababu taa haziwavuti vizuri. Mwenye fedha kidogo ya ziada anunue wakavu wakati giza likiwa nene na bei iko chini, awatunze mahali pakavu.

Sokoni watazame kwanza. Ndagala waliokaushwa chini ufukweni hubeba mchanga. Waliokaushwa juu ya vichanja vya waya, njia ambayo FAO iliwasaidia wakaushaji wa hapa Burundi kuianza, ni wasafi zaidi na huwa ghali kidogo. Ukinunua wa mchangani, usiwaloweke muda mrefu: watikise kwenye ungo, waoshe mara mbili kwa maji ya uvuguvugu ukiwainua kwa mkono ili mchanga ubaki chini ya beseni, halafu wakamue.

Kikombe kikubwa kimoja kinatosha familia. Wakaange kwenye sufuria kavu dakika tatu, mpaka harufu ibadilike, watoe. Tia mafuta, kitunguu, nyanya tatu, pilipili nzima isiyopasuliwa kama watoto wanakula pamoja nanyi. Nyanya zikishavunjika rudisha ndagala, tia nusu glasi ya maji, funika dakika saba. Ukiwa na karanga zilizosagwa, koroga vijiko viwili mwishoni. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa. Kuzikaanga hakuondoi sumu ya ukungu. Mboga nzima haizidi robo saa, kwa hiyo ndiyo ya siku ambayo makaa yamebaki machache.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula: kaanga ndagala safi mpaka wavunjike, twanga, chekecha kwa kitambaa au chujio la waya, na tia kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji wake wakati unachemka. Bila chumvi, bila pilipili.

Sombe

Kinshasa wanaiita pondu, Tanzania kisamvu, hapa isombe, na kila mmoja anaamini ya kwao ndiyo yenyewe. Jambo ambalo halibadiliki popote ni kwamba jani bichi la muhogo lina kiini cha sumu ya sianidi. Kutwanga ndiko kunakoifungua, na kuchemsha bila kifuniko ndiko kunakoitoa, kwa sababu hupaa na mvuke. Ukifunika unairudisha sufuriani. Hapa ndipo mahali pa pili pa kutookoa makaa.

Twanga majani machanga yakiwa mabichi mpaka yalainike kabisa, au nunua yaliyotwangwa tayari. Yaache kwenye beseni kidogo huku unawasha moto. Tia maji mengi, chemsha wazi angalau nusu saa ukikoroga. Baada ya hapo unaweza kufunika. Tia kitunguu, bilinganya mbili zilizokatwa, chumvi, na uache iive taratibu saa moja nyingine. Mwishoni vijiko vitatu vya mawese, na ndagala au karanga ukiwa nazo. Sombe iliyopikwa Jumamosi kwa sufuria kubwa, majirani wawili wakichangia makaa, ni nafuu kuliko kila nyumba kupika yake. Najua kuchangia jiko na jirani usiyemfahamu si rahisi. Wanaoanza huanzia kwenye kinu.

Tukiwa kwenye muhogo, unga wake unahitaji uangalifu ule ule. Muhogo mchungu unatakiwa kulowekwa siku tatu hivi kabla ya kuanikwa. Wakati wa vita na njaa watu hufupisha siku hizo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla huko Kwango, Kongo. Wayaka waliuita konzo, miguu iliyofungwa. Huwapata hasa watoto na wanawake wanaokula muhogo usiolowekwa vizuri wiki nyingi mfululizo bila maharage, samaki wala nyama, na miguu haiponi tena. Kama hujui unga ulionunua ulitengenezwaje, uloweshe kwa maji mpaka uwe tope zito, utandaze kwenye mkeka safi unene usiozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au tano kivulini. Sehemu kubwa ya sumu inapaa. Kisha songa bugali siku hiyo hiyo, usiuweke mpaka kesho.

Moto wenyewe

Panga sufuria kwa kufuata nguvu ya makaa. Kinachohitaji kuchemka sana kitangulie, bugali ufuate, na ndagala wamalizie. Makaa yanayobaki yapashe maji ya kuoga watoto, au yazime kwa kuyafungia ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Kesho yatawaka tena.

Usiingize mbabula yenye makaa chumbani mnamolala, hata mvua ikiwa kubwa, hata kama hakuna moshi. Hewa ya makaa inayoua haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Pikia mlangoni au barazani, watoto wakae upande ambao hawapiti karibu na sufuria.

Maharage ya jana ni halali, na wengi tunayapenda kuliko ya leo. Bila friji, yachemshe sawasawa usiku kabla ya kulala, yaache yamefunikwa bila kuchovya kijiko kilichotumika, na asubuhi yachemshe tena mpaka yatokote katikati, si pembeni tu. Yakitoa povu au harufu chachu, yamwage. Mtoto akitapika au kuharisha baada ya kula, mpe maji yenye ORS kidogo kidogo na umpeleke kituo cha afya kilicho karibu, ukiwaambia alikula nini na saa ngapi.