Ramani ni Mali ya Wenye Mtaa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nchi nayo ni mali, na daftari lake ni ramani. Kichochoro, kisima au kijito kisichoandikwa humo ni kama hakipo machoni pa mtu anayepanga barabara, anayelaza bomba la maji, au anayetafuta njia ya kuwafikia watu waliozingirwa na mafuriko. Kwa muda mrefu daftari hilo lilikaa katika makabati ya wachache. Leo mwalimu wa jiografia, kijana apendaye kupanda milima, au mzee atakaye kuchora njia za zamani za kijiji chake, aweza kulipata bila kulinunua, ila gharama ya kompyuta na intaneti tu. Yafaa tueleze limepatikanaje, na ni deni gani linalomkalia mwenye kulitumia.

Huko Uingereza idara ya serikali iitwayo Ordnance Survey imekuwa ikipima nchi tangu mwaka 1791, lakini kwa miaka mingi raia aliyetaka kutumia vipimo vyake hakuwa na budi kuvinunua. Mwaka 2004 mwanafunzi wa chuo kikuu mjini London, Steve Coast, alianzisha OpenStreetMap kwa wazo jepesi: kila mtu aupime mtaa wake kwa chombo cha GPS, kisha vipande vyote viunganishwe viwe ramani moja ya walimwengu wote. Serikali nazo zikaanza kulegeza mkono. Marekani, ambayo setilaiti zake za Landsat zimeipiga dunia picha tangu mwaka 1972, ilikuwa ikiuza picha moja kwa takriban dola 600. Mwaka 2008 ikazifungua picha zote bure. Ordnance Survey yenyewe ikatoa sehemu ya ramani zake mwaka 2010. Mwaka 2015 nchi za Ulaya zikarusha setilaiti ya kwanza ya Sentinel-2, ambayo picha zake huonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10, nazo hazilipiwi.

Chombo cha kuvifanyia kazi vitu hivyo kipo pia. Programu ya QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ni programu huria: mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili, kuifungua ndani aone ilivyoundwa, na kuitengeneza apendavyo. Mwanzaji atapakua barabara, mito na majengo ya nchi nzima ya Tanzania katika furushi moja kutoka Geofabrik, kampuni ya Ujerumani inayoigawa OpenStreetMap nchi kwa nchi. Kisha ataongeza vimo vya ardhi vilivyopimwa na chombo cha angani cha Marekani kwa siku 11 mwezi Februari mwaka 2000. QGIS huvipanga vitu hivyo tabaka juu ya tabaka, kama karatasi za kioo, mtu akaona mto unapita wapi na nyumba zipi ziko bondeni.

Hata hivyo, kitu cha bure si kitu cha kuaminiwa kwa kufumba macho. Vile vimo vya mwaka 2000 vilipimwa kwa mawimbi ya rada, ambayo aghalabu yaligonga paa la nyumba au vilele vya miti kabla ya kufika chini; katika mji ulio tambarare kosa la mita chache laweza kukausha bonde ambalo kwa kweli hujaa maji. Tena, ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa kipimo cha Arc 1960. Anayezitandika juu ya ramani za leo bila kuiarifu programu atakuta kila kitu kimesogea karibu mita 300, na kisima cha watu kimeingia shambani kwa jirani.

Dawa ya makosa hayo ni macho na miguu ya wenyeji. Katika mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, kuichora kata hiyo. Mwezi Desemba mwaka huo huo mafuriko yalilipiga jiji, yakaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Somo lilikuwa chungu: ni vigumu kuokoa watu katika mitaa ambayo ramani haiijui. Mwaka 2015 ikaanza kazi iliyoitwa Ramani Huria, ambayo wanafunzi na wananchi walipita kata za mabondeni wakiandika mifereji, vichochoro na majengo, huku ndege ndogo zisizo na rubani zikipiga picha kutoka juu. Wakazi wenyewe walieleza maji yalifika wapi. Setilaiti haiwezi kujua hayo. Mama aliyepandisha magodoro darini usiku ule anajua.

Basi, deni ni lipi? La kwanza ni kutaja asili. Leseni ya OpenStreetMap yataka kila anayeitumia aandike kwamba imetoka kwa wachangiaji wake. Na anayeitoa hadharani hazina hiyo ya data baada ya kuiongezea, aitoe kwa ruhusa ile ile aliyopewa yeye. La pili ni uaminifu. Ramani za makampuni zinazotazamwa bure katika simu ni za kutazama. Kuzinakili na kuzitia katika ramani ya wote ni kuchukua mali ya mtu, na wenye OpenStreetMap huyafuta maandiko ya namna hiyo. La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kurudisha. Ukiona zahanati ya kijijini kwenu haipo, iandike. Daraja likichukuliwa na maji, lifute.

Wasomaji wetu, yeyote anayeanza kazi hii kwa kujifurahisha asijidharau. OpenStreetMap ilijengwa na watu wa namna hiyo, kila mmoja na mtaa wake. Mgeni aliye mbali aweza kuichora paa ya nyumba yako kutokana na picha, lakini hajui jina la njia ipitayo mlangoni, wala hajui kwamba msimu wa masika haipitiki. Tukinyamaza, daftari litaandikwa na wasiotujua, na siku ya mafuriko mwokoaji atalifungua hilo hilo.