Fao la Miezi Sita

Kwa miaka mingi mfanyakazi wa Tanzania aliyepoteza kazi alikuwa na pa kukimbilia: fao la kujitoa. Alichukua michango yake kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, akafungua genge, akanunua pikipiki ya bodaboda, au akalipa ada za watoto. Wataalamu wa pensheni hawakulipenda, na hoja yao ilikuwa na uzito: anayekula mbegu leo hana cha kuvuna uzeeni.

Mwaka 2012 sheria ililiondoa fao hilo. Wafanyakazi wa migodini wakaja juu, Serikali ikalegeza. Mwaka 2018 haikulegeza tena. Sheria iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na kuuachia mfuko wa NSSF sekta binafsi, ilileta fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita.

Tupige hesabu. Aliyekuwa akilipwa shilingi 600,000 kwa mwezi atapata takriban 200,000 kila mwezi, jumla kama milioni 1.2. Michango ya asilimia 20 ya mshahara huo kwa miaka mitano, yake na ya mwajiri, ni milioni 7.2. Fedha zilizobaki zinasubiri uzee. Kijana wa miaka 30 aambiwe asubiri miaka 25 kufikia umri wa kustaafu kwa hiari, huku mwenye nyumba anadai kodi mwezi huu!

Tena si kila asiye na kazi anapata hata theluthi hiyo ya mshahara. Lazima uwe umechangia miezi 18, na usiwe umeacha kazi mwenyewe. Wa mikataba mifupi, kama wa mahotelini na wa miradi ya ujenzi, wanaweza kubanwa hapo. Na mwajiri asipopeleka makato, anayehangaika ni mfanyakazi.

Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kulinda pensheni. Kosa lilikuwa kuweka fao linalodhani kwamba ndani ya miezi sita mtu atakuwa amepata ajira nyingine rasmi, katika nchi ambayo wengi wanaishi kwa kilimo na shughuli zisizo rasmi. Kwa wengi, kuachishwa kazi ni kuaga ajira rasmi moja kwa moja. Mtu huyo hahitaji posho ya kungojea kazi, anahitaji mtaji. Fao la kujitoa, pamoja na kasoro zake, lilimpa.

Imani kwa mifuko imepungua, na hii ndiyo hasara kubwa. Serikali iruhusu sehemu ya michango itolewe kwa aliyekaa mwaka mzima bila kazi, iliyobaki ilindwe kwa ajili ya uzee.