Chipu ya shingoni: farasi anadhurika?

Sindano ya kumwekea farasi chipu si ile ya chanjo. Ni nene, kwa sababu tundu lake lazima lipitishe kichupa cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi na unene wa milimita 2, kama punje ya mchele. Mwenye farasi akiiona huguna kwanza, kisha anauliza: hicho kitu kikikaa shingoni miaka ishirini na zaidi, hakitamletea saratani?

Hofu hiyo ina chanzo chake. Mwaka 2007 shirika la habari la Associated Press lilikusanya tafiti za panya wa maabara waliotiwa chipu, baadhi yao wakaota uvimbe wa saratani palepale ilipokaa. Tafiti zile zilikuwa za kweli. Ila panya ni mnyama wa ajabu katika jambo hili: tangu katikati ya karne iliyopita wanasayansi wanajua kwamba ukimpachika chini ya ngozi kipande cha kioo au plastiki, kisicho na sumu yoyote, anaweza kuota saratani. Halafu kuna suala la ukubwa. Panya mdogo wa maabara ana gramu 30 hivi. Kwake chipu ni gogo. Farasi ana kilo 500.

Kwa mbwa na paka, visa vya saratani karibu na chipu vimeandikwa katika majarida ya tiba, lakini ni vya kuhesabika. Nchini Uingereza, chama cha madaktari wa wanyama wadogo kilianza kupokea taarifa za madhara mwaka 1996. Wanyama zaidi ya milioni 4 waliwekewa chipu, taarifa zikafika 391. Si kila mwenye mbwa huripoti, kwa hiyo idadi halisi bila shaka ni kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo, malalamiko mengi hayakuhusu uvimbe wa saratani. Yalihusu chipu kuhama, ikawekwa mgongoni ikaja kukutwa begani.

Kwa farasi hilo ni nadra. Chipu yake haiachwi chini ya ngozi tu. Huzamishwa katika kano nene inayobeba uzito wa kichwa, upande wa kushoto wa shingo, chini kidogo ya singa, katikati ya utosi na mabega. Kano ikishaishika, haiendi popote. Nayo haina betri. Imelala kimya mpaka kisomeo kipitishwe karibu, ndipo inapoamka na kutoa namba yake ya tarakimu 15. Anayedhani chipu itamwonyesha farasi aliyeibwa yuko wapi, amedanganywa.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni mkono wa anayedunga. Mahali pasiposafishwa vizuri panaweza kutunga usaha. Mwaka 2007 madaktari walieleza kisa cha paka aliyejeruhiwa uti wa mgongo kwa sababu chipu ilisukumwa mahali pasipo pake. Ndiyo maana daktari makini hupitisha kisomeo kabla ya kufungua sindano, asije akamdunga mnyama mwenye chipu tayari, na hupitisha tena baada ya kumaliza. Farasi akivimba kidogo siku mbili tatu, si ajabu. Uvimbe ukizidi kukua na kuwa wa moto, aitwe daktari. Siku farasi huyo akipigwa picha za MRI za shingo, daktari aelezwe pia kwamba chipu ipo, maana huacha kivuli kinachoweza kuficha ugonjwa.

Mbadala wa zamani ni chapa ya moto. Watafiti waliolinganisha njia hizo mbili kwa farasi wachanga waliona kwamba zote huwashtua, ila chapa huacha kidonda cha kuungua.

Kuna afya nyingine inayolindwa hapa, nayo ni ya binadamu. Farasi wengi hupewa phenylbutazone, dawa ya maumivu ya viungo. Kwa mtu, dawa hiyo inaweza, japo mara chache sana, kuzuia uboho wa mifupa usitengeneze damu. Mwaka 2013, nyama ya farasi ilipogunduliwa ndani ya vyakula vilivyouzwa Ulaya kama vya ng'ombe, Uingereza ilipima farasi 206 waliochinjwa na kukuta dawa hiyo kwa 8. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuagiza tangu Julai 2009 kwamba farasi wanaozaliwa wawekewe chipu, na England ikaja kuwalazimisha wote, hata wazee, ifikapo Oktoba 2020. Namba ya shingoni humfunga farasi na pasipoti yake, na pasipoti ndiyo inayosema kama nyama yake inaruhusiwa kuliwa. Lakini machinjioni kisomeo hutoa namba tu. Habari ya dawa itakuwamo endapo daktari aliyeitoa, pengine miaka mitano nyuma, alikumbuka kuiandika.