Laptopu Inazimika Ghafla? Msigombane, Pimeni Betri

Kama wewe na mwenzi wako mnatumia laptopu moja nyumbani, huenda ugomvi huu mnaujua. Ikiwa kwenye chaja inafanya kazi bila taabu. Ukichomoa tu, baada ya dakika kumi, giza! Haijatoa onyo, haijahifadhi kazi, na betri ilikuwa inaonyesha asilimia 40. Hapo maswali yanaanza. Nani aliiangusha? Nani alimpa mtoto aangalie katuni? Nani kaingiza virusi?

Kwetu Tabata mambo yalifika pabaya. Mume wangu alikuwa anamalizia maombi ya zabuni, umeme ukakatika, na laptopu nayo ikazima hapo hapo. Fundi wa kwanza hata hakuifungua, akasema eti bodi imekufa, tununue nyingine. Mume wangu akataka tuchomoe hela kwenye akiba ya kiwanja. Mimi nikagoma. Siku mbili nzima ndani ya nyumba tulisalimiana kwa kutimiza wajibu tu. Siku ya tatu nikamwambia, "Baba Ilham, kabla hatujagusa hela ya kiwanja, tuipime kwanza."

Tukaipima. Betri iliyotoka kiwandani ikiwa na uwezo wa 41,000 ilikuwa imebakiwa na 17,000. Bodi nzima, virusi hakuna, mtoto hana kosa. Betri ilikuwa imezeeka, basi.

Kwa nini asilimia inadanganya

Betri nyingi za laptopu ni za lithiamu, aina ambayo Sony iliingiza sokoni mwaka 1991 na ambayo wagunduzi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ni betri nzuri, lakini huzeeka hata kama huitumii, na joto huiharakisha.

Ile asilimia unayoiona pembeni mwa skrini ni makadirio ya kifaa kidogo kilichomo ndani ya betri. Betri ikichakaa, makadirio hayo huanza kukosea. Isitoshe, umeme unapata shida kutoka. Fikiria tangi la maji ambalo bomba lake limejaa kutu. Maji yamo, lakini ukifungua koki tatu kwa mpigo, presha inakwisha. Ndivyo inavyokuwa ukifungua video huku mwanga wa skrini uko juu na feni inazunguka. Volti zinashuka ghafla, na mashine inazima hata kabla ya kukuonya. Ukichomeka chaja, umeme wa ukutani unabeba mzigo, ndiyo maana unaona kama hakuna tatizo.

Soma dalili kwanza

Kabla ya kumwita fundi, jiulizeni inazimikaje.

Kama inalala taratibu kila ikifika asilimia ileile, kwa mfano 10, na ukiichomeka unaikuta kazi yako ilivyokuwa, hiyo ni mipangilio tu. Inafanya ilivyoagizwa.

Kama inazima hata ikiwa kwenye chaja, tena ikiwa ya moto na feni inapiga kelele, shuku vumbi ndani ya feni. Isafishwe.

Kama inazima ikiwa kwenye betri tu, leo asilimia 40, kesho 25, mshukiwa namba moja ni betri.

Iache mashine iseme yenyewe

Kwenye Windows, fungua menyu ya kuanzia, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter tena. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ndani yake tafuta mistari miwili. DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipokuwa mpya. FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo uliobaki leo. Huu wa pili ukiwa chini ya nusu ya ule wa kwanza na mashine inazima ghafla, mchawi umempata.

Wenye MacBook, nenda kwenye mipangilio, fungua sehemu ya betri na uangalie hali yake. Nyingi za miaka ya karibuni zimetengenezewa mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya asilimia 100, hata kama umeitumia kwa siku mbili.

Ripoti ikionyesha betri ni nzima, ichaji hadi ijae, itumie mpaka izime yenyewe, kisha ijaze tena bila kukatiza. Hiyo inaweza kurekebisha makadirio, lakini haimrudishii mzee ujana wake. Ikiendelea kuzima, sasa muone fundi akague viunganishi na njia ya umeme, na umwombe akuonyeshe alichokiona.

Ukienda kununua

Nenda na namba iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, na volti zake zilingane na za ile ya zamani. Usikubali kuambiwa "zote zinaingiliana". Omba garantii kwa maandishi, na ukishaifunga, toa ripoti ile ile palepale dukani. Betri iliyokaa kwenye boksi miaka mingi nayo imezeeka. Sisi hatukulipa hata robo ya bei ya laptopu mpya.

Angalizo kubwa: ukiona sehemu ya kugusa imenyanyuka au kifuniko hakifungi sawasawa, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena na usiitoboe. Inaweza kushika moto. Mpelekee fundi aitoe.

Itunzeni pamoja

Jamani, kitanda si meza. Godoro linaziba matundu ya hewa na joto linabaki ndani. Usiiache kwenye gari lililopigwa na jua la Dar. Kama inashinda kwenye chaja, laptopu nyingi zina mpangilio wa kuishia kuchaji asilimia 80, uwashe. Na kazi ihifadhiwe kila baada ya muda mfupi, hasa kipindi ambacho umeme hautabiriki.

Laptopu ya nyumbani imebeba kazi za watu wawili, picha za harusi na mipango ya maisha. Wiki hii, umeme ukiwepo, kaeni wawili, toeni ripoti ya betri na nakilini mafaili muhimu kwenye flashi. Haichukui hata nusu saa. Halafu kama bado mna la kugombania, angalau liwe la maana!