24, 40 au 50: Lenzi Ipi Ndogo Ununue Kwanza?

Mwenye kamera ya Canon ya kihisi kidogo, iwe 700D, 1300D au 80D, akishaichoka lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, kila anayemuuliza humwambia: nunua 50. Ushauri huo una sababu. EF 50mm f/1.8 STM ilitoka mwaka 2015 kwa dola 125 za Marekani. Tundu lake likiwa wazi lote huingiza mwanga karibu mara kumi ya ule wa 18-55 ukiivuta hadi mwisho, kwenye f/5.6. Ukumbini usiku, tofauti hiyo ndiyo inayokuepusha na picha zenye chengachenga au zilizotikisika.

Tatizo ni nafasi. Kwenye kihisi kidogo cha Canon unazidisha kwa 1.6, kwa hiyo 50 huona kama 80. Sebuleni, penye makochi na meza ya katikati, ukitaka kumpiga bibi na wajukuu wake utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta, na bado kuna mtoto atakayekatwa bega. Lakini kwa sura ya mtu mmoja aliyekaa uani, sijaona lenzi ya bei hiyo inayoishinda.

Ndiyo maana anayeanza namwelekeza kwanza kwenye EF-S 24mm f/2.8 STM ya mwaka 2014, iliyoanza kwa dola 149. Ina gramu 125 tu, na unene wake haufiki sentimita mbili na nusu. Huona kama 38, familia nzima ikaenea. Hukaza picha hadi sentimita 16, kwa hiyo pete ya bibi harusi au sahani ya pilau unaisogelea kabisa. Kasoro zake ni mbili: hupitisha chini ya nusu ya mwanga wa 50, na haikai kwenye kamera za kihisi kikubwa kama 6D.

EF 40mm f/2.8 STM (2012, dola 199) nayo ni nyembamba, na hukaa kwenye zote. Kwenye 6D ni tamu sana. Kwenye 700D huona kama 64: finyu kwa sebule, na mwanga wake haufikii wa 50. Inunue ikiwa umeshapanga kuhamia kihisi kikubwa.

Bei hizo ni za Marekani, lenzi zilipotoka. Ukinunua iliyotumika, hasa kwa sisi wa pwani wenye hewa ya unyevu, ogopa kuvu. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache hata kama muuzaji ameshusha bei nusu. Na kwa 50, igeuze utazame sehemu inayoshikana na kamera: STM ni ya chuma, ile ya zamani ya mwaka 1990 ni ya plastiki. Usikubali kulipia ya plastiki bei ya chuma.