Vihisi vya Baharini na Mvua ya Eastlands (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi vihisi, yaani vifaa vinavyogeuza joto, chumvi na shinikizo la maji kuwa tarakimu, vinavyofanya kazi baharini. Sehemu hii inamtazama mtumiaji wa tarakimu hizo, ambaye kwa kawaida hudhaniwa kuwa nahodha wa Kilindini au mvuvi wa Lamu, ilhali mkaazi wa Dandora, Kariobangi au Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi iliyo mbali kabisa na pwani, anazihitaji vilevile.

Sababu ni Dipoli ya Bahari ya Hindi, hali iliyobainishwa na wanasayansi mwaka 1999, ambapo maji ya juu ya upande wa magharibi, karibu na Afrika Mashariki, hupata joto kupita kawaida huku yale ya upande wa Sumatra yakipoa, na unyevu mwingi ukasukumwa kuelekea bara wakati wa vuli. Mwaka 2019 hali hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizowahi kuwa kali zaidi, na Kenya ikapata mafuriko na maporomoko ya ardhi. Mvua za masika, kama zile zilizoifurikisha Mathare mwezi wa Aprili 2024, hutawaliwa na mambo mengi zaidi, na si haki kuzifungamanisha na dipoli peke yake.

Joto la bahari hupimwa na setilaiti, na maboya yaliyotiwa nanga, na vilevile vielea vya mpango wa kimataifa wa Argo, ambavyo ni karibu 4,000 duniani kote. Kielea ni silinda iliyobeba mafuta na mfuko wa mpira: mafuta yakisukumwa mfukoni, kielea hutanuka na kupanda, yakirudishwa ndani, huzama. Kila baada ya siku 10 hivi hushuka hadi mita 2,000, hupima kinapopanda, kisha hutuma vipimo kwa setilaiti. Uharamia wa pwani ya Somalia ulitatiza kazi hii kwa miaka mingi, ukaacha mapengo upande uleule wa bahari unaoiletea Kenya mvua.

Mtengenezaji wa kihisi hujivunia, na kwa haki, kupima joto kwa usahihi wa sehemu 2 za elfu ya digrii, kwa kuwa mchunguzi wa mabadiliko ya tabianchi hawezi kuona badiliko la miongo bila usahihi huo. Mfanyabiashara wa mitumba wa Gikomba, ambaye kibanda chake kiko kando ya Mto Nairobi, ana swali jingine: marobota yainuliwe usiku huu au yaachwe? Kati ya mtengenezaji na mfanyabiashara huyo zipo Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner na kituo cha kikanda cha tabianchi, ICPAC, ambacho hutoa utabiri wa msimu kwa uwezekano wa mvua kuwa juu ya wastani, ya wastani au chini yake. Utabiri huo wa miezi 3 na eneo pana humfaa mkulima anayechagua mbegu, lakini haumwambii mwenye kibanda lolote kuhusu usiku mmoja.

Kwa hiyo mtumiaji anapaswa kusikilizwa kabla kifaa hakijaundwa. Mwongozo wa kimataifa wa uchunguzi wa bahari wa mwaka 2012 uliuweka mbele utaratibu huo, kwamba hitaji litajwe kwanza, kisha kipimo, kisha kifaa. Kwa Eastlands, hitaji ni kuunganisha joto la bahari na vipimo vya mvua vya mitaani, kama vile vya mtandao wa TAHMO, ambao huweka vituo vyake vingi shuleni, na vya kina cha mito chini ya madaraja. Mafundi wa bati wa Kamukunji wanastahili kushirikishwa, kwani wanajua kasha lipi la chuma litastahimili mafuriko na mikono ya wezi wa betri.

Uhusiano huu wa bahari na Eastlands una upande wa pili. Mto Nairobi, unaopita kando ya jaa la Dandora, huingia Mto Athi, ambao huitwa Galana kisha Sabaki kabla ya kumwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Anayepima tope na taka mlangoni mwa Sabaki anahitaji vipimo kutoka Dandora, kama vile Dandora inavyohitaji vipimo vya baharini.