Printa ya Wai-Fai Inapokataa Mtandao wa Ofisi

Mtumishi anayeishi Katumba Songwe hununua printa isiyotumia waya mjini Kyela. Nyumbani inachapa bila tatizo. Akiipeleka ofisini, inakataa kuungana na mtandao, naye hudhani ameuziwa bidhaa mbovu. Mara nyingi printa hiyo ni nzima. Kinachotofautiana ni aina ya ulinzi wa mtandao.

Mtandao wa nyumbani hutumia neno la siri moja kwa watu wote. Mtandao wa taasisi kubwa humtambua kila mtumiaji kwa jina na neno lake la siri, au kwa cheti cha kidijitali, kabla ya kumruhusu kuingia. Printa nyingi za bei nafuu hazina uwezo wa kujitambulisha kwa njia hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kununua, soma maelezo ya bidhaa na utafute maneno “WPA2-Enterprise” au “802.1X”. Yasipokuwapo, hakikisha printa ina tundu la waya wa mtandao.

Epuka makosa matatu:

1. Kuomba ulinzi wa mtandao wa ofisi uondolewe ili printa iungane.

2. Kuweka ndani ya printa jina na neno la siri la mtumishi. Atakapolibadilisha, printa itakatika. Na mtu mwingine akilipata, ataingia mtandaoni kwa jina lake.

3. Kuacha wazi Wai-Fai inayorushwa na printa yenyewe. Aliye nje ya dirisha anaweza kuifikia.

Njia salama ni kumwomba ofisa TEHAMA aiunganishe printa kwa waya, au aiweke katika sehemu ya mtandao iliyotengwa kwa ajili ya vifaa vya aina hiyo. Kisha badilisha neno la siri la kiwandani, zima huduma zisizotumika, na sasisha programu ya printa.

Tahadhari hizi zina sababu. Printa hupokea majina ya wagonjwa, matokeo ya wanafunzi na namba za akaunti za wakulima wa kakao, na baadhi ya printa huhifadhi nakala katika kumbukumbu zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu kuzilinda. Hivyo, futa kumbukumbu ya printa kabla ya kuiuza, na pale inapowezekana, kabla ya kuipeleka kwa fundi.

Mwisho, dai risiti na uitunze. Iwapo muuzaji alikuhakikishia kwamba printa itafanya kazi katika mtandao wa aina hiyo na haikufanya, anza kwa kuirejesha kwake pamoja na malalamiko ya maandishi, nawe ubaki na nakala.